Kazi ya Injini ya Pili

Mwaka 2010, mbunifu wa tovuti aliyetaka kisanduku chenye kona za mviringo hakuandika mstari mmoja wa CSS. Aliandika mitatu: mmoja ulioanza na -moz- kwa ajili ya Firefox, mwingine na -webkit- kwa ajili ya Safari na Chrome, na wa mwisho usio na kitu mbele yake. Akitaka kona ya juu kushoto peke yake, mambo yaligeuka kichekesho. Firefox ilidai -moz-border-radius-topleft, huku wenzake wakidai -webkit-border-top-left-radius, kistari kimeongezeka na radius imehamia mwishoni. Aliyekosea hakupewa onyo lolote, kwa sababu kivinjari hupuuza mstari kisioujua na kuendelea na shughuli zake. Kona ilibaki kali, basi. Jambo lenyewe ni dogo mno. Lakini nyuma yake kuna swali ambalo bado linagombaniwa, tena siku hizi hadi mahakamani: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya namna ukurasa wa wavuti unavyopaswa kufanya kazi?

Kila kivinjari kina injini ndani yake, yaani sehemu inayosoma HTML na CSS na kuvichora mpaka vionekane kwenye kioo. Firefox hutumia Gecko, Safari hutumia WebKit, na Chrome hutumia Blink, iliyochipuka kutoka WebKit mwezi Aprili 2013. Viambishi kama -moz- na -webkit- viliwekwa kwa nia njema. Kampuni yenye wazo jipya ilitakiwa kulijaribu chini ya jina lake, kiwango rasmi kikikamilika jina hilo litupwe, na anayelitumia mapema ajue kwamba linaweza kubadilika kesho. Kasoro ya mpango huu haikuwa kwenye wazo, ilikuwa mahali lilipowekwa. Majaribio yalitolewa ndani ya vivinjari vya umma, vilivyo mikononi mwa mamilioni, na jaribio linalotumiwa na mamilioni halirudishwi tena maabara. iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007 na kurasa za simu zikaanza kutengenezwa kwa wingi, wabunifu wengi waliandika -webkit- pekee na kulala, hata pale ambapo Firefox na Opera zilikuwa na uwezo uleule chini ya viambishi vyao.

Matokeo yake yalijitokeza wazi Februari 2012. Mozilla (wenye Firefox), Microsoft na Opera zililiambia kundi linaloandaa viwango vya CSS kwamba zinakusudia kuanza kuelewa -webkit-, kiambishi cha mshindani wao, kwa sababu bila hivyo kurasa za simu zilionekana zimevunjika kwenye vivinjari vyao. Daniel Glazman, mwenyekiti mwenza wa kundi hilo, aliwasihi wabunifu hadharani waache kuandika kwa ajili ya injini moja. Hakufua dafu. Opera ilitekeleza azma yake miezi michache baadaye, na Februari 2013 ikatangaza kuiacha kabisa Presto, injini iliyoijenga yenyewe kwa miaka mingi. Firefox ilishikilia hadi toleo la 49, Septemba 2016. Mfano unaonichekesha zaidi ni -webkit-line-clamp, amri ya kukata maandishi baada ya mistari kadhaa na kuweka nukta tatu. Ili ifanye kazi inabidi uandike pia display: -webkit-box na -webkit-box-orient, mabaki ya rasimu ya zamani ya mpangilio wa visanduku ambayo kiwango kiliiacha. Firefox ilipoikubali katika toleo la 68, mwaka 2019, iliikubali pamoja na jina hilo la WebKit na mabaki yake yote.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale, na ana hoja. Waanzilishi wa Blink walitangaza tangu mwanzo kwamba hawataongeza viambishi vipya, na WebKit ikafuata mwaka 2016. Leo jambo la majaribio hufichwa nyuma ya swichi ambayo msanidi huiwasha mwenyewe, na mtumiaji wa kawaida halioni. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila ugonjwa haukuwa kistari na herufi chache, ulikuwa mazoea ya kuandika kwa ajili ya injini iliyo mbele ya macho ya mwandishi, na mazoea hayo yamepata chakula kingi zaidi. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaacha injini yake, na tangu Januari 2020 Edge inatumia ileile ya Chrome. Opera, Brave na Samsung Internet nazo zimo humo. Chrome peke yake inabeba takriban theluthi mbili ya matumizi ya wavuti duniani. Kiambishi angalau kilikuwa alama: ukikiona ulijua hapa kuna mkono wa kampuni. Sasa mstari unaofanya kazi kwenye Blink pekee unafanana kabisa na mstari wa kiwango, na mwandishi hana cha kumshtua.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii: ubaya uko wapi? Injini ikiwa moja, mbunifu anaandika mara moja, anapima mara moja, mteja analipa kidogo. Isitoshe, Blink ni programu huria. Yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuunakili. Anayesema hivi si mvivu. Ofisi ya watu wawili inayotengeneza tovuti kwa bei ya kutupwa haina simu kumi za kupimia. Lakini hoja hiyo inachanganya uhuru wa kusoma msimbo na uhuru wa kuamua. Mwishoni mwa 2022 timu ya Chrome iliamua kuondoa uwezo wa majaribio wa kusoma picha za JPEG XL, na kelele za waliozitaka hazikuuzuia uamuzi huo. Mwaka uliofuata Apple iliziingiza kwenye Safari 17. Sina haja ya kusema nani alikuwa sahihi kuhusu picha hizo. Ninachokiona ni kwamba suala lilibaki hai kwa sababu kulikuwa na injini nyingine ya kulitolea jibu tofauti.

Kisa cha Web SQL kinaonyesha jambo hilo kwa undani zaidi, na nashangaa hakitajwi mara nyingi. Ulikuwa mpango wa kukipa kivinjari hifadhidata ya ndani. Ulifanya kazi vizuri na watu waliupenda. Novemba 2010, hata hivyo, shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliacha kuuendeleza, kwa sababu wote walioutekeleza walitumia programu moja, SQLite. Kilichoitwa kiwango hakikuwa zaidi ya tabia za SQLite zikiwemo kasoro zake, na hapakuwa na utekelezaji wa pili, uliojengwa kwa kusoma maelezo peke yake, wa kuthibitisha kwamba maelezo hayo yanatosha. Hiyo ndiyo kazi ya injini ya pili. Inalilazimisha andiko la kiwango liseme kila kitu, maana aliyejenga kwa kulisoma atakwama pale lilipokaa kimya. Ikibaki injini moja, kiwango kinageuka kumbukumbu ya kile ambacho injini hiyo tayari inafanya.

Gharama ya kufika huko imeshalipwa na nchi nzima. Korea Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilibuni mfumo wake wa usimbaji uitwao SEED wakati Marekani ilipokuwa ikibana usafirishaji wa usimbaji imara. Mfumo huo ukafikishwa kwa wananchi kupitia ActiveX, teknolojia ya Internet Explorer. Uamuzi ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa. Kwa miaka mingi iliyofuata, hata hivyo, mwenye Mac au Firefox alipata taabu kutumia benki au kununua kitu mtandaoni, na mwaka 2014 Rais Park Geun-hye mwenyewe alilalamika kwamba watazamaji wa China wa tamthilia ya Kikorea walishindwa kununua nguo walizoziona humo kwa sababu ya vizuizi hivyo. Vyeti vya kidijitali vilivyokwenda sambamba na mfumo huo vilipoteza hadhi yao ya pekee kisheria Desemba 2020 tu. Kivinjari chenyewe Microsoft ilikistaafisha Juni 2022.

Kuna anayenyoosha kidole kwa Apple, na ana haki. Kwa miaka mingi kila kivinjari cha iPhone kililazimika kutumia WebKit, na Umoja wa Ulaya ndio ulioanza kuilegeza kamba hiyo kwa sheria, kuanzia Machi 2024. Ajabu ni kwamba katazo hilohilo ni moja ya mambo yanayoizuia Blink kuwa injini ya kila mtu. Silitetei, kwa sababu wingi wa injini unaotokana na marufuku haumpi mtumiaji uchaguzi wowote. Mozilla nayo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google, mwenye injini inayoshindana nayo, na Septemba 2025 mahakama ya Marekani ilikataa kuilazimisha Google iuze Chrome. Anayetumaini kwamba soko au mahakama vitaleta usawa hivi karibuni atangoja sana.

Kwa hiyo naona ni afadhali kuanzia kwenye mikataba. Duka likinikatalia kivinjari changu nitaenda duka jingine, lakini mlipakodi hana mamlaka nyingine ya mapato ya kuhamia. Taasisi ya umma inayoagiza tovuti inaweza kudai, kabla ya malipo ya mwisho, kwamba huduma zake za lazima zifanye kazi kwenye injini mbili zisizo na undugu. Kwetu hili si anasa: simu za bei nafuu za KaiOS hutumia Gecko, tena toleo la zamani, na Opera Mini katika hali yake ya kubana zaidi huiachia seva ya mbali kazi ya kupanga ukurasa. Anayehofia gharama akumbuke kwamba hakuna anayedai ukurasa ufanane kila mahali. CSS ina @supports ya kuuliza kama injini inaelewa jambo fulani kabla ya kulitumia, na tangu 2022 wenye injini zote tatu wanapimana kila mwaka hadharani kupitia mradi wa Interop, hivyo tofauti zilizobaki ni chache kuliko zamani. Kona zikipotea, zipotee. Kitufe cha kutuma fomu ndicho kinachopaswa kuingizwa kwenye kipengele cha mkataba, kwa kutaja injini zenyewe na matoleo yake.