Warekodini Wazee Wetu wa Lokole

Ndugu zangu wa Kisangani, wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga: nina ombi kwenu, na naliomba kwa moyo wote. Simu yenye kamera na kinasa sauti imeingia karibu kila mtaa wa mji huu. Katika vijiji vya mto wetu bado wapo wazee wachache wanaojua kuzungumza kwa lokole. Naomba simu hiyo ikutane na wazee hao mwaka huu huu, wakiwa bado na nguvu mikononi.

Nimesema kuzungumza, maana vijana waliozaliwa mjini wengi wameliona lokole kwenye kwaya tu, likisindikiza wimbo. Ni gogo la mti mgumu lililochimbwa tumbo lote kupitia mwanya mwembamba ulio mgongoni. Mwanya huo una midomo miwili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, ili mmoja ulie juu na mwingine ulie chini. Mpigaji anashika fimbo mbili zilizoviringishwa mpira kwenye ncha. Kilokele, Kimbole, Kiturumbu na lugha nyingine za huku zinatenganisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, na lokole hufuata kupanda na kushuka huko. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa, kwa hiyo wazee hawakupiga neno moja likiwa peke yake. Walipiga fungu zima la maneno ambalo kila mtu alilijua, hata msikilizaji asipotee. Mwezi, kwa mfano, ulipigwa kama mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole, na ndani ya jina hilo ukoo wake ulisikika. Usiku ukitulia, au alfajiri kabla jua halijapanda, habari ya msiba ilivuka maji, kijiji cha pili kikaipokea na kuipeleka cha tatu.

Tunajua haya kwa uhakika kwa sababu kuna mtu aliyekaa akaandika. John Carrington, mmisionari Mbatisti kutoka Uingereza, alifika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi miaka mingi Yakusu na vijiji vya jirani. Alijifunza lokole hata akawa anapiga mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake Talking Drums of Africa. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha mji huu. Misheni yenyewe ilitumia lokole kuwaita watu kwenye ibada na watoto darasani. Hata hivyo Carrington aliona, tayari siku zile, kwamba watoto wa shule walikuwa wanakua bila kujifunza lugha hiyo. Wale watoto ndio babu zetu wa leo. Hesabuni wenyewe wamebaki wangapi.

Wengi wamekuja kwetu na mashine zao. Mwaka 1951 walikuja watu wa sinema na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wakapiga picha za The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita kaskazini mwa Kongo akinasa ngoma na nyimbo; mkusanyo wake umehifadhiwa Afrika Kusini, katika mji wa Makhanda. Mwaka 1958 Audrey Hepburn alikuwa hapa hapa, wakati huo mji ukiitwa Stanleyville, kwa ajili ya The Nun's Story. Sanduku za sauti za Kongo zimejaa Tervuren, Ubelgiji. Simlaumu Tracey wala wenzake walionasa sauti. Bila wao tungekuwa na kidogo zaidi ya hiki tulicho nacho. Lakini kila mara mashine ilikuwa ya mgeni, mgeni ndiye aliyechagua nini kinaswe, na kanda aliondoka nayo. Leo mashine ni yetu. Mama anayeuza sombe sokoni anayo, mwendesha pikipiki anayo, mwanafunzi wa UNIKIS anayo. Jambo hili halijawahi kutokea katika historia ya mto huu, na inaniumiza kuona tunalitumia kupokea tu: sinema za Nigeria, mpira wa Ulaya, mahubiri ya Kinshasa. Hivyo vyote ni vizuri. Mimi pia nakaa na majirani kutazama teatri siku umeme ukirudi. Ninachoomba ni kwamba na sisi tupeleke, tusiwe wa kupokea tu.

Umeme, najua, ndilo jambo la kwanza mtakalonijibu. Bwawa la Tshopo limetuhudumia tangu miaka ya 1950, mashine zake ni tatu, na zikipumzika mtaa unakaa gizani siku nyingi. Ndiyo maana macho yangu yako kwa kijana wa kuchaji simu. Mnamjua: ana meza yake ya mbao kando ya barabara, jenereta inanguruma nyuma, waya zimetapakaa, na kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba. Pembeni kuna kompyuta ya zamani iliyong'oka vibonye viwili vitatu, na ndani yake kuna nyimbo na filamu anazoziweka kwenye kadi za wateja kwa pesa kidogo. Kijana huyo ana maktaba kubwa kuliko shule nyingi za mkoa wetu. Kwake yeye naomba hivi: tengeneza folda moja mpya, uiite Lokole. Mtu akija na rekodi ya babu yake, ipokee bure, uihifadhi. Na mteja akija kuchukua nyimbo, mwongezee na hiyo bure. Sauti iliyo kwenye kadi mia za watu mia haifi kwa simu moja kuanguka majini.

Ombi la pili nalipeleka kanisani, Wakatoliki kwa Waprotestanti, Wakimbangu na makanisa ya uamsho pia. Shirika zenu hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Hakuna ofisi ya serikali inayojua vizuri kama nyinyi ni mzee gani anaishi nyumba gani, ametoka kijiji gani, anaumwa nini. Siku moja baada ya sala, mwombeni mzee wa shirika aliyelelewa kando ya mto asimulie kijijini kwao watu waliitwaje, kisha kijana mmoja ashike simu. Mapadri na wachungaji, tafadhalini, litajeni jambo hili kwenye matangazo ya Jumapili. Wapo bado waumini wanaoogopa kwamba lokole ni mambo ya kipagani. Waambieni kwamba ndilo lililowaita bibi zao kwenye katekisimu.

Hapa nataka kukawia, maana kuna jeraha. Tangu Februari 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu upande wa Lubunga. Vijiji vimechomwa, na watu kwa maelfu wamevuka mto kutafuta usalama mjini. Kati yao wamo wazee. Mzee aliyekimbia na wajukuu wake hakubeba lokole lake. Kama nyumba iliungua, nalo limeungua. Alichobaki nacho kiko kichwani na kwenye vifundo vya mikono. Nawaomba mnaowahudumia wakimbizi, mnapowapelekea mchele na sabuni, kaeni nao pia msikilize. Muulizeni Mmbole, muulizeni Mlengola. Siwezi kusema kwamba kusikia sauti za wazee wa pande zote mbili kutamaliza ugomvi wa mashamba. Hiyo ni kazi ya sheria na ya viongozi, nao wanadaiwa. Ninachojua ni kwamba katika mzozo huu sauti zisizo na mwenyewe zimetembea sana kwenye simu, moja ikisema kijiji fulani kinajiandaa, nyingine ikisema fulani ameuawa, na hakuna anayejua nani alisema kwanza. Lokole lilipolia, kijiji kizima kilijua ni mkono wa nani. Basi na sisi tujifunze hilo: sauti usiyomjua mwenyewe usiipitishe, na sauti ya mzee wako ipitishe ukiwa umetaja jina lake.

Kwa wenzetu wa redio, Radio Okapi, RTNC, Radio Amani na vituo vidogo vya Isangi na Yangambi: dakika tano kwa wiki zinatosha. Mzee apige, kisha afafanue kwa lugha yake, kisha mtangazaji aeleze kwa Kiswahili na Kilingala. Wasikilizaji watapiga simu wenyewe kusahihisha, kwa sababu kijiji hadi kijiji mafungu ya maneno yanatofautiana, na katika kusahihishana huko ndipo mengi yatakapotoka.

Wanafunzi, nyinyi ndio natumaini zaidi. Likizo ikifika mnapanda boti kushuka Yakusu, Yangambi, hadi Isangi pale Lomami inapoingia mto mkubwa. Mkifika, msianze na simu. Anzeni na salamu, mle lituma aliyowapikia bibi, mkae. Kisha ombeni ruhusa, na akikataa mwacheni. Yapo mambo, kama ya lilwa, chama cha siri cha Wambole, ambayo si ya kila sikio, na mzee akisema hapa uzime, zima. Akikubali, tafuteni mahali pasipo na upepo wala kuku, muweke simu hatua chache kutoka kwenye gogo, maana ukiisogeza sana mlio unapasuka. Kwanza aseme jina lake, la baba yake, la kijiji na mwaka. Halafu apige jina lake la lokole polepole, alitamke, alifafanue, kisha apige tena kwa mwendo wake wa kawaida. Baada ya hapo habari za msiba, za kuzaliwa, za mgeni kufika, za mashua, za mvua. Msimkatize. Kama mikono imechoka, mjukuu apige huku mzee akimrekebisha. Rekodi ya namna hiyo ina thamani mara mbili, kwa sababu mmoja anafundishwa wakati mwingine anasikilizwa.

Mkirudi mjini, kabla ya kufuta chochote ili kupata nafasi ya filamu mpya, toeni nakala tatu: moja kwa kijana wa kuchaji, moja kwa parokia, moja kwa mwalimu wenu chuoni. Na mwenye kompyuta yenye nafasi, awe shuleni, ofisini au nyumbani, ajitaje Jumapili hii kwenye matangazo, ili wanaokwenda kurekodi wajue mapema pa kupeleka.