Mnyonge Amenyongwa, Haki Yake Iko Wapi?

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii hunijia kila ninapowasikia watazamaji wakilalamikia uandishi dhaifu katika tamthilia za mashujaa wa Marvel, na kila ninapowasikia wasomi wenzangu wakiwacheka watazamaji hao. Wenzangu huuliza: mtu mzima anawezaje kukasirishwa na kisa cha mtu anayeruka kwa mabawa ya chuma? Hizo ni hadithi za watoto, husema, na mwenye akili timamu ana mambo mazito zaidi ya kukasirikia.

Mimi nashikilia kinyume chake. Hasira ile ni halali, na kiini chake ni cha kisiasa kuliko wanavyodhani hata wenye hasira wenyewe.

Nichukue mfano mmoja, nao ni The Falcon and the Winter Soldier, tamthilia ya sehemu 6 iliyorushwa na Disney+ kati ya tarehe 19 Machi na 23 Aprili 2021. Kwa msomaji asiyeitazama, kisa chake kinaanzia katika filamu zilizoitangulia. Nusu ya viumbe wote duniani walitoweka kwa kufumba na kufumbua, na baada ya miaka mitano wakarejeshwa. Katika miaka hiyo mitano, nchi zilizopungukiwa na watu zilifungua mipaka. Waliokuwa wakifukuzwa jana wakapokewa leo, wakapewa nyumba na kazi, kwa kuwa nguvu zao zilihitajika. Waliotoweka waliporudi, wakadai vyao. Chombo cha kimataifa kikaundwa kushughulikia marejeo hayo, na mamilioni ya watu wakajikuta makambini, wakisubiri kurudishwa walikotoka.

Hapa waandishi walikuwa wameshika swali zito kuliko yote ya karne hii. Je, mtu aliyeitwa kujenga nchi wakati wa shida anaweza kuambiwa aondoke shida ikiisha? Ardhi ni ya nani: ya aliyeiacha au ya aliyeilima? Katika tamthilia hiyo, anayeuliza maswali haya ni msichana anayeitwa Karli Morgenthau, kiongozi wa kundi la Flag Smashers, yaani wavunja bendera. Tunamwona akiiba dawa na kuzipeleka makambini. Tunaambiwa kwamba mama aliyemlea amefariki kwa kifua kikuu akiwa kambini. Kufikia hapo, mtazamaji yeyote mwenye moyo yuko upande wake.

Waandishi waliliona hilo, nao wakaogopa. Katika sehemu ya 3, Karli anaichoma bohari ya chombo kile huku watu wakiwa wamefungwa ndani yake. Hatukuandaliwa kwa hatua hiyo. Hakuna mjadala wa maana ndani ya kundi lake kabla ya tendo, wala hatuonyeshwi hesabu yake ya faida na hasara. Hata mwenzake aliyeketi naye garini anashangaa, kama tulivyoshangaa sisi. Tangu dakika ile, swali la mipaka linafungwa na linafunguliwa swali jepesi zaidi: nani atamkamata muuaji huyu?

Muhula mmoja nilipokuwa nikifundisha mada ya uraia na ukimbizi, mwanafunzi alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, yule binti alikuwa na haki mpaka pale alipolipua jengo." Nikamuuliza, "Na wale waliobaki kambini, ambao hawakulipua chochote, haki yao ilikwenda wapi?" Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa unyofu ambao naukumbuka hadi leo: "Tamthilia haikusema."

Jibu lile ndilo shtaka langu lote. Kosa la Karli ni la Karli. Halifuti dai la watu wa kambini, kama vile kosa la wakili halifuti dai la mteja wake. Lakini uandishi ule umeyafunga mambo hayo mawili katika fundo moja, hivi kwamba anapouawa Karli katika sehemu ya mwisho, dai nalo linazikwa. Wenzake waliosalia wanakamatwa, kisha wanalipuliwa ndani ya gari lililowabeba. Hakubaki hata mmoja wa kusimama na kusema, "Sisi tulitaka hiki na kile."

Badala yake anasema Sam Wilson, Captain America mpya. Akiwa mbele ya kamera, anawakemea wakubwa wa chombo kile: waache kuwaita watu magaidi, watumie vyema mamlaka waliyonayo, na wajiulize ni nani anayekaa nao chumbani wanapofanya maamuzi. Ni hotuba yenye maneno ya haki, na Anthony Mackie aliitoa kwa heshima inayostahili. Hata hivyo, angalia kinachofuata. Tamthilia iliyouliza ni nani aliye chumbani haituonyeshi mkimbizi hata mmoja akiketi katika chumba hicho. Shujaa ameuliza swali, wakubwa wameinamisha vichwa, muziki umepanda, na sisi tumetakiwa turidhike. Mtumishi wa umma unayesoma haya, unazijua warsha zinazoisha namna hiyo.

Uzembe huohuo unaonekana katika visa vidogo. Sehemu ya kwanza inatuonyesha Sam na dada yake wakinyimwa mkopo na benki huko Louisiana, ingawa Sam ameokoa dunia. Ni onyesho fupi lenye ukweli mchungu kuhusu mtu mweusi na mtaji nchini Marekani. Mwishoni, mashua ya familia inatengenezwa kwa msaada wa majirani, na benki haidaiwi tena jibu lolote. Isaiah Bradley, askari mweusi wa vita vya Korea aliyefungwa kwa miaka 30 na kufanywa kitu cha majaribio, anapewa sanamu katika jumba la makumbusho. Kisa chake kinamkumbusha mtazamaji utafiti wa Tuskegee, ambamo serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba, kuanzia 1932 hadi 1972. Carl Lumbly, aliyemwigiza Isaiah, ndiye nguzo ya tamthilia nzima. Lakini mzee huyo analia mbele ya sanamu, nasi tunaelekezwa tuamini kwamba deni limelipwa. Naye John Walker, aliyemuua mtu hadharani kwa ngao ya taifa, anavuliwa cheo, anaokoa watu mara moja, na anaondoka na vazi jipya na mwajiri mpya.

Angalia mgawanyo wa msamaha hapo. Askari wa dola aliyeua anapewa njia ya kurudi. Mkimbizi aliyeua anapewa jeneza. Sisemi kwamba waandishi waliketi na kulipanga hilo kwa makusudi. Nasema kwamba mwandishi asipofikiri, mazoea ya jamii yake humfikiria.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hilo lilikuwa kosa la mara moja. Basi atazame Secret Invasion, tamthilia nyingine ya sehemu 6 ya kampuni hiyohiyo, iliyorushwa kati ya Juni na Julai 2023. Humo kuna Skrull, viumbe waliopoteza sayari yao. Nick Fury aliwaahidi makazi mapya, akawatumia kama majasusi kwa miaka takriban 30, na ahadi hakuitimiza. Kijana wao, Gravik, anasimama kudai. Kabla dai halijasikika sawasawa, analipua mabomu katika umati wa watu mjini Moscow. Mwishoni Gravik anauawa, rais wa Marekani anawatangaza wote wa asili yake kuwa maadui, watu wanaanza kuwawinda mitaani, na Fury anapanda chombo kwenda angani na mkewe. Ni fundo lilelile, limefungwa kwa mkono uleule: mkimbizi akiwa na hoja hupewa bomu, ili hoja isijibiwe.

Kwa nini sisi wa Afrika Mashariki tujali? Tarehe 24 Machi 2021, siku tano tu baada ya sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Sam Wilson kurushwa, serikali ya Kenya iliipa UNHCR siku 14 iwasilishe mpango wa kuzifunga kambi za Dadaab na Kakuma. Kambi hizo mbili zilikuwa na watu zaidi ya 400,000, baadhi yao wakiwa wamezaliwa humo na kuzaa humo, kwa kuwa Dadaab ilianza mwaka 1991. Mahakama Kuu ilisitisha hatua hiyo kwa muda mwezi Aprili. Sababu iliyotajwa na serikali ilikuwa usalama. Nchi iliyoomboleza Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015 ina haki ya kuzungumzia usalama, na sitambeza mtu aliyemzika mwanawe. Lakini hatua ya kutoka kwa muuaji mmoja hadi kwa kambi nzima ni hatua ya kimantiki inayohitaji kuthibitishwa. Hadithi zinazotuzoesha kuipiga hatua hiyo bila kufikiri hazituburudishi tu. Zinatufundisha.

Tena si kweli kwamba swali la Karli halina majibu. Tanzania yenyewe imewahi kulijibu kwa namna mbili zinazopingana. Mwaka 2012 iliifunga kambi ya Mtabila mkoani Kigoma na kuwarudisha Warundi kwao. Mwaka 2014 iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi la waliokimbia mwaka 1972 na vizazi vyao. Kila uamuzi ulikuwa na watetezi wake, gharama zake na machozi yake. Mwandishi mwenye bidii angeona hapo tamthilia nzima: maofisa wanaobishana, wazee waliochoka, vijana wasioijua nchi wanayoambiwa ni yao, wenyeji wanaohofia mashamba. Hakuna hata mmoja anayehitaji kulipua jengo ili kisa kisisimue.

Sasa nigeukie sababu, kwa kuwa lawama bila sababu ni umbea. Mwaka 2021 pekee Marvel ilitoa tamthilia tano kupitia Disney+. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, alikiri mwaka 2023 kwamba wingi huo uliwapunguzia watayarishaji umakini. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo, waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, na mgomo wao ulidumu siku 148. Walidai malipo bora, idadi ya chini ya waandishi katika kila tamthilia, muda wa kutosha wa kazi, na mipaka kwa matumizi ya akili mnemba. Mgomo ukiwa unaendelea, Secret Invasion ilianza kurushwa ikiwa na picha za ufunguzi zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Kwa hiyo ninapotaja uandishi dhaifu, simlengi mwandishi aliyekodiwa kwa wiki chache na kuachishwa kabla kamera hazijawashwa. Namlenga mwenye mtaji anayeziona hadithi kama matofali, akihesabu idadi na kusahau nyumba. Mwanaharakati anayedhani kwamba ubora wa hadithi hauhusiani na haki za mfanyakazi aufikirie mgomo ule.

Naomba nieleweke katika jambo moja. Si kila anayelalamika ana haki. Wapo waliomchukia Sam Wilson kwa kuwa tu ni mweusi na ameshika ngao, na wapo wanaoita uandishi mbaya kila kisa chenye mwanamke asiyeomba ruhusa. Hao hawadai uandishi bora. Wanadai dunia ya zamani. Njia ya kuwatofautisha ni rahisi: mwulize mlalamikaji angetaka kisa kiandikweje. Mwenye chuki atakuambia nani aondolewe. Mtazamaji wa kweli atakuambia ni swali gani lilipaswa kujibiwa.

Huyu wa pili ndiye ninayemtetea. Alitenga muda wake na fedha zake, akaingia katika kisa kwa nia njema, akawapenda watu waliobuniwa kana kwamba ni jirani zake. Akaahidiwa mjadala kuhusu mipaka, rangi na deni la kihistoria. Kisha akapewa hotuba, sanamu na jeneza. Akilalamika anaambiwa ni burudani tu, hali waliomuuzia walijitangaza kuwa wanazungumza mambo mazito. Mfanyabiashara anayejisifu kwa uzito wa bidhaa hawezi kukataa mizani.

Ninyi wanafunzi, msiione aibu hasira hiyo. Ifanyieni kazi. Mnapotazama kisa chochote, cha Hollywood, cha Nollywood au cha kwetu, muulizeni mwandishi maswali matatu: nani amepewa hoja, nani amepewa bomu, na nani amebaki hai kusimulia. Kisha yapelekeni maswali hayohayo kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwenye hotuba ya waziri, na kwenye ripoti ya tume. Mtashangaa ni mara ngapi fundo ni lilelile.

Mnyonge wa tamthilia ile amenyongwa, na waliomnyonga wamepigiwa makofi. Haki yake bado inadaiwa, na yule mwanafunzi wangu alikuwa sahihi: tamthilia haikusema. Tuseme sisi.