Kabla ya mshahara, uliza nani anatia usingizi usiku

Daktari wa upasuaji anayetafuta kazi kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika hana milango mingi ya kubisha. Kuna serikali, yenye Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira na zoni za afya za jirani. Kuna makanisa, ambayo hospitali zao zimebeba mzigo mkubwa wa matibabu Kivu ya Kusini tangu zamani. Kuna mashirika ya misaada na mikataba yao ya miezi, na kuna Bujumbura, iliyo chini ya kilomita 30 kutoka Mulongwe, mjini Uvira, ukipitia Kavimvira na Gatumba. Watu wakiujadili uchaguzi wa daktari huyo huuliza jambo moja tu: wapi wanalipa vizuri? Mimi naona mshahara unafaa kuulizwa baadaye. Kazi ya upasuaji ipimwe kwanza kwa watu na vifaa vilivyomo kwenye bloku, yaani chumba cha upasuaji, na hospitali inayomtafuta daktari ndiyo yenye wajibu wa kumweleza hali hiyo kabla hajatia saini.

Sababu ni kwamba mpasuaji peke yake hapasui. Mama aliyekwama kujifungua saa nane usiku anahitaji wa kumtia usingizi, wa kupokea mtoto, damu inayolingana na yake, oksijeni, na taa isiyozimika umeme wa shirika la SNEL ukikatika. Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikii upasuaji salama. Ilitaja kazi tatu za kupimia hospitali: upasuaji wa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi, zote zipatikane ndani ya saa mbili. Ilipofika kwenye idadi ya wataalamu, tume hiyo iliwahesabu wapasuaji, waganga wa usingizi na madaktari wa uzazi katika fungu moja: angalau 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Hospitali inayotangaza nafasi ya mpasuaji huku haina wa kutia usingizi inamwajiri mtu atakayeshinda akiandika barua za rufaa.

Ukweli wa nafasi ya kazi unapatikana zaidi kwenye rejista ya bloku kuliko kwenye tangazo. Daktari aliyeitwa kuonana na wakubwa wa hospitali aombe kuifungua na asome miezi mitatu ya mwisho. Aangalie ni mara ngapi upasuaji ulifanyika usiku na siku za Jumapili. Aangalie safu ya aliyetia usingizi: jina moja likijirudia kila mstari, ajue kwamba siku huyo mmoja akiugua malaria, bloku imefungwa. Halafu atazame safu ya matokeo. Pale inapoachwa tupu ukurasa baada ya ukurasa, hakuna anayefuatilia vidonda vilivyooza wala wagonjwa waliofia wodini, na daktari mgeni atalaumiwa kwa makosa ambayo hakuna aliyeyahesabu kabla yake. Baada ya hapo aulize nani ananunua mafuta ya jenereta, na mashine ya kuchemshia vyombo ikiharibika inatengenezwa wapi. Mkurugenzi anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Lakini fedha si jambo dogo, na sitaki kulipita haraka. Daktari wa serikali nchini Kongo anaishi kwa vipande: mshahara, primu ya hatari, na primu ya hospitali inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Wapo wanaofanya kazi muda mrefu wakisubiri matrikule, yaani namba ya utumishi. Vita navyo vimeongeza mashaka: Februari 2025 waasi wa M23 waliichukua Bukavu, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na Desemba mwaka huo huo wakaingia Uvira yenyewe. Katika hali hiyo nani atamlaumu mwenye watoto akitazama ng'ambo ya mpaka? Hata hivyo primu ya hospitali hutegemea bloku inayofanya kazi. Oksijeni ikikosekana wiki nzima, hakuna kinachoingia na hakuna cha kugawana. Na kwa kuwa fedha hiyo inatoka kwa familia maskini, daktari aulize pia wagonjwa wasioweza kulipa wanafanywaje. Kuna hospitali zinazowazuilia wodini, na anayekubali kazi humo ataishi kwa fedha hiyo.

Wengine watasema daktari aende penye shida, vifaa vitamfuata, na watamtaja Daktari Denis Mukwege. Mfano ni mzuri, ila usomwe wote. Mukwege alianzia hospitali ya Lemera, katika milima ya teritware hii ya Uvira, akaona akina mama wakifa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, akarudi mwaka 1989. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Hospitali yake ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, ilisimama kwa moyo wake, kwa kanisa, kwa wafadhili wa Sweden na kwa wahudumu waliofundishwa wakabaki. Kumtaka kijana awe Mukwege bila kumpa hayo mengine ni kumdhulumu, na ni kuwadhulumu wagonjwa wake.

Wapo pia wanaohofu kwamba madaktari wakishika masharti haya wataondoka barani; hofu hiyo haina nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wapasuaji waliohitimu Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini kati ya 1974 na 2013: takriban asilimia 85 walibaki katika nchi walikosomea, na zaidi ya 93 walikuwa bado Afrika. Kongo haikuwemo, lakini naona funzo linatufaa: anayefundishwa karibu ana sababu ya kubaki karibu. Ndiyo maana hata mkataba mfupi wa shirika unaweza kuwa kazi nzuri, ukiwa na kifungu kinachomtaja daktari wa hapa na muuguzi wa usingizi wa hapa watakaofundishwa, upasuaji gani, na hadi lini. Daktari anayeletewa mkataba usio na kifungu hicho adai kiingizwe kabla ya kutia saini, na zoni ya afya imuunge mkono.