Haya si kunyamaza



Tuulizane ukweli. Msichana wa kidato cha pili, miaka 15, habari za mwili wake amezijulia wapi? Mama alimwambia "jichunge", akaishia hapo. Ajichunge na nini, vipi, hakuambiwa. Shuleni, mada ya uzazi kwenye Bayolojia ya 8-4-4 iko kidato cha tatu, na mwalimu akifika hapo anaupitia mchoro mbiombio darasa likicheka. Amebaki nani wa kumfundisha? Simu, shoga yake, na yule wa bodaboda anayempakia bure.

Mimba ikiingia ndio tunashika vichwa: "Watoto wa siku hizi!" Ni watoto wa siku hizi, au ni kimya chetu cha siku zote? Utafiti wa serikali wa KDHS wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini washawahi kushika mimba. Usidhani wote ni wa mbali.

Kuna wanaosema kufundisha ni kufungua mlango wa zinaa. Subhanallah! Sisi sote tumesoma hedhi, nifasi na janaba chuoni mbele ya maalim. Nani alitoka pale akakimbilia zinaa? Ummu Sulaym, mwanamke wa Kiansari, alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu mwanamke anayeota, na akajibiwa waziwazi. Haya inakuzuia kufanya machafu. Haikuzuii kujua.

Kinachoua ni kutojua. Binti anaogopa mimba kuliko Ukimwi, anameza P2 akidhani yuko salama. P2 haizuii Ukimwi wala kisonono. Mwengine amebakwa, hajui kwamba hospitalini kuna dawa ya kuzuia virusi na lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Anaoga, ananyamaza kwa aibu, saa zinayoyoma. Hiyo ndiyo faida ya kimya chetu.

Na huyo mwanamume je? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iko wazi: aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo chake hakipungui miaka 20, wa 16 na 17, hakipungui 15. Lakini wazee wanakaa barazani, "tusivunje udugu", pesa zinapita mkono, kesi imekwisha. Msiite sulhu. Huko ni kumuuza mtoto.

Kwa hivyo tunasema hivi. Wazazi, ongeeni na watoto kabla hawajabaleghe, wa kiume pia. Maalim, msiishie kwenye josho. Mfundishe na hatari, na haki ya mtoto kukataa na kushtaki. Walimu wakuu, mwongozo wa 2020 unamruhusu msichana aliyezaa arudi darasani. Kumfungia geti ni kuvunja haki yake. Na kama mtaala wa watu hautupendezi, tupeleke wa kwetu, tusipeleke kelele tupu.

Nawe kijana, picha ya msichana aliyepatwa usiisambaze. Ukijua mtoto anadhulumiwa, piga 116, ni bure.

Sambaza ujumbe huu. Lakini kwanza kaa na mdogo wako, uongee naye leo.