Hatua ya Kwanza Hairukwi

Saikoterapia ya transpasonali haiishii katika kumwondolea mgonjwa dalili. Humtazama mtu hadi ng'ambo ya ubinafsi wake, ikiuliza maisha yake yana maana gani na yanaelekea wapi. Jarida la fani hii lilianzishwa Marekani mwaka 1969, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Abraham Maslow, yule yule wa ngazi ya mahitaji ya binadamu ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi huikariri. Wasichofundishwa wengi ni kwamba Maslow, katika miaka yake ya mwisho, aliiona ngazi ile haijakamilika, akaweka juu yake hali ya mtu kujivuka mwenyewe.

Aliyezieleza hatua za safari hiyo kwa uwazi zaidi ni tabibu wa Italia, Roberto Assagioli (1888–1974). Kwake hatua ni nne: kuijua nafsi kwa kina, kuzitawala sehemu zake, kukigundua kitovu kinachoziunganisha, kisha kuujenga upya utu kukizunguka kitovu hicho. Mpangilio huu una manufaa, lakini hugeuka hatari pale mtu anapoharakia hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo inayopitwa mbio. Kujijua huku si kuorodhesha vipaji. Ni kushuka hadi kwenye hofu za utotoni, wivu, aibu na hasira zilizofichwa. Anayetafuta utulivu wa roho ili asiuguse msiba ambao hajaulilia hajaivuka nafsi yake, ameikimbia. Mwanasaikolojia wa Marekani John Welwood aliipa tabia hiyo jina lake mwaka 1984, nayo haijapungua tangu hapo.

Katika hatua ya pili mgonjwa hujizoeza kutambua kwamba anazo hisia, wala yeye si hisia hizo. Hapa Kiswahili humsaidia, kwani mtu husema "nina huzuni", kana kwamba huzuni ni mzigo aliobeba na anaoweza kuutua. Ajabu ni kwamba wodini lugha hiyo hiyo hupindishwa, na mgonjwa akaitwa "yule kifafa" au "yule kisukari". Mhudumu anayesema hivyo huibomoa kazi ya tiba kabla haijaanza.

Assagioli mwenyewe alionya kuwa mwamko wa kiroho waweza kuleta msukosuko: furaha iliyopita kiasi, majivuno, kisha kukata tamaa. Dalili hizo hufanana na za maradhi, ingawa chanzo chaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo asiyelala kwa siku tatu huku akidai amekabidhiwa ujumbe wa ulimwengu mzima apimwe kwanza. Huenda ni mania, kifafa, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, maambukizi ya ubongo au dawa za kulevya. Upande wa pili nao una haki yake: mwongozo wa Marekani wa uainishaji wa magonjwa ya akili, toleo la 1994, uliweka fungu la matatizo ya kidini au kiroho, ukikiri kwamba si kila tatizo la namna hiyo ni ugonjwa wa akili. Mtu anayelala, anayekula, anayezungumza kwa mpangilio na anayeweza kulitilia shaka aliloliona hastahili kuitwa mwendawazimu kwa sababu tu amelia katika sala.

Lisilo na mjadala ni dawa. Hakuna hatua ya kujitambua inayomruhusu mgonjwa kuacha lithiamu au dawa za kifafa bila idhini ya daktari wake, na mshauri anayemwambia hivyo anamweka katika hatari ya kufa. Ikumbukwe pia kwamba tiba hii haijafanyiwa utafiti wa kina kama ule wa tiba ya utambuzi na tabia. Ifaavyo ni kuiambatanisha na matibabu mengine, si kuyaondoa.

Hatua ya nne haina mengi ya kusimuliwa, maana huonekana nyumbani kuliko kliniki. Mhudumu anayetaka kujua kama mgonjwa ameifikia asimwulize ameona nini katika tafakuri. Amwulize kama analala, kama amerudi kazini, na wanaoishi naye wanasemaje.