Nani Atamwambia Kiziwi Gari Linaenda Wapi?

Simama dakika kumi tu katika steji ya Malava, pale magari ya Kakamega na ya Webuye yanapopishana, kisha usikilize. "Kakamega, Kakamega, mbili zimebaki!" "Webuye, Webuye hadi Kitale!" Makanga mmoja anapiga bodi ya gari makofi, mwingine amekwisha kuushika mkoba wako. Nauli hutajwa kwa mdomo, safari hubadilishwa kwa mdomo, na ukitaka kushuka Kambi ya Mwanza au Lubao, pale kwenye soko la mbwa, unasema kwa mdomo. Habari zote za usafiri wa huku kwetu zimo vinywani mwa watu.

Kwetu sisi tunaoona na kusikia, hilo si neno. Lakini je, kiziwi? Nauli ikipandishwa siku ya kufungua shule yeye huijua baada ya kutoa pesa, akingoja chenji ambayo haiji. Ni kweli kwamba tangu 2004, zilipoanza kutumika zile kanuni ambazo watu huziita za Michuki, matatu zimepakwa mstari wa manjano na kuandikwa njia zake. Maandishi hayo humfaa kiziwi, ikiwa gari litafuata yaliyoandikwa. Kwa asiyeona ni rangi tu. Fikiria kijana asiyeona kutoka hapa Malava anayesoma Kibos, Kisumu. Atabadilisha gari Kakamega, abadilishe tena Kisumu, na kila mahali atamtegemea mtu asiyemjua amshike mkono. Akimpata muungwana, heri. Asipompata je?

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, hutumia kiti cha magurudumu. Akienda kliniki Kakamega hutoka nyumbani bila kujua kama atalipa nauli moja au mbili, maana kuna magari yanayokitoza kiti kama abiria, eti kimechukua nafasi ya mtu. Kuna mengine humpita, makanga akijifanya anaangalia upande wa pili. Mama huyo huniambia kwamba kulipa hakumchoshi kama kutojua. Angalijua mapema ni gari gani lenye nafasi ya kiti, na ni wapi pana ukingo ulioinuka ili asiinuliwe kama gunia la mahindi, angalipanga safari yake kama mtu mwingine yeyote.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Sikatai. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Angalieni maneno hayo matatu yalivyowekwa pamoja! Lakini serikali haipandi matatu za Malava kila asubuhi. Sisi ndio tunaozipanda.

Na jambo hili limewahi kufanywa papa hapa Kenya. Nairobi, kabla ya 2014, ramani kamili ya njia za matatu haikuwako. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wataalamu wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mfukoni, wakaandika kila njia na kila kituo. Kazi hiyo iliitwa Digital Matatus. Mwaka huo wa 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130, na habari zenyewe zikaachwa wazi kwa yeyote atakaye kuzitumia. Mwaka wa 2015 zikaingia katika Google Maps. Hawakuwa maofisa wakubwa, walikuwa wanafunzi!

Hata hivyo, kujua njia na kituo hakumtoshi jirani yangu. Kuna jambo lingine la kuuliza, na mwenye kujua swali ni mlemavu mwenyewe. Huko Ujerumani tangu 2010 kuna ramani iitwayo Wheelmap, iliyoanzishwa na kundi ambalo kiongozi wake mmoja, Raul Krauthausen, mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Mtu yeyote anaweza kutia alama: kijani, kiti kinaingia, nyekundu, hakiingii. Ni rahisi mno hata inachekesha.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni wa shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni hututania kwa sababu ya vumbi la viatu vyetu, lakini vumbi hilo ni elimu: kila jioni tunatawanyika pande zote za Malava. Simu haziruhusiwi shuleni, sawa, lakini daftari halijakatazwa. Kila mmoja wetu anaweza kuandika habari za kituo chake: mtaro uko wapi, mvua ikinyesha pakoje, nani hubeba kiti bila kukitoza. Makanga waulizwe pia, si kulaumiwa tu, kwani wanajua mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote, na gari likibadilisha njia siku ya soko wao ndio wa kwanza kujua. Bodaboda vilevile.

Kisha yaandikwe kwa herufi kubwa katika ubao pale steji, ili kiziwi asome. Asiyeona asomewe kwa simu ya kawaida, ile ya kupiga tu, na anayejua nukta nundu apewe karatasi yake. Ubao utachakaa na nauli zitabadilika, najua, kwa hivyo kila muhula tutalazimika kurudia.

Naomba Chama cha Kiswahili kilizungumze jambo hili katika mkutano ujao. Yule jirani amekwisha kuniambia swali lake la kwanza analotaka liandikwe juu kabisa ya daftari: "Mlango una ngazi ngapi?"