Windo la Kwanza na Kupotea kwa Utoto

Imekuwa ada katika madarasa ya fasihi kwamba hadithi fupi inapomchora mvulana akiua mnyama wake wa kwanza, dhamira hutajwa kuwa ushujaa, na mjadala hufungwa. Jibu hilo ni jepesi mno. Kiini cha hadithi ya namna hiyo si risasi kumpata mnyama, bali kile kinachomtoka mvulana baada ya mnyama kuanguka.

Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, kijana anatoka kumwinda nunda mla watu. Anaua mbwa, punda milia, twiga, kifaru na tembo, na kila mara mama yake anamwambia kuwa huyo siye. Wahakiki wengi huishia kuitaja takriri. Ni nadra kuuliza: wanyama hao walimla nani? Ngano haiwalilii, kwa kuwa inahitaji shujaa.

Hadithi fupi ya kisasa haina ruhusa hiyo. Katika "A Sunrise on the Veld" ya Doris Lessing, mvulana wa miaka 15 anatoka alfajiri na bunduki, akiamini kuwa dunia yote ni yake. Anamkuta paa aliyevunjika mguu akiliwa na siafu angali hai. Baadaye anatambua kuwa huenda mguu huo ulivunjwa na risasi ya mwindaji mzembe kama yeye. Hapo ndipo utoto unapokoma.

Isiolo yenyewe ina kisa cha kweli cha aina hii. Mwaka 1956 George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake huko, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Kisha akagundua kuwa alikuwa akiwalinda watoto watatu. Mmoja wao ndiye Elsa. Majuto ni mjukuu: maarifa yalifika baada ya risasi.

Watakuwapo watakaodai kuwa usomaji huu unapandikiza huruma ya kigeni katika jamii ambazo windo lilimpa kijana heshima. Dai hilo linamsahau mama wa ngano. Yeye ni mwenyeji, na ndiye anayekataa kumsifu mwanawe kwa kuua asiyehusika.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa Kiwanjani, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo mwindaji anayemsikia leo ni jangili. Bunduki, hata hivyo, haikuondoka. Wizi wa mifugo umeendelea kuua watu kaskazini mwa Kenya, na wavulana hulelewa wakisikia sifa za waliorudi na ng'ombe. Mwalimu anayemfunza kijana huyo kuwa kuua ndiko kukua anamfunza zaidi ya fasihi.

Hivyo basi, swali la mtihani halina budi kubadilika. Badala ya kuuliza mhusika ameonyeshaje ushujaa, liulize amepoteza nini, na ni nani katika hadithi aliyethubutu kumwambia: siye huyu.